Mukau wa Nyuma ya Jumba

Asifiwe Mungu, ambaye hakuumba mashamba peke yake. Asifiwe kwa mvua na kwa kiangazi, kwa vinavyoota tulipovipanda na vinavyoota mahali ambapo hakuna aliyevitarajia. Asifiwe kwa uvumilivu wake na sisi tunaosema tumeona kabla hatujatazama vizuri. Nikisha kumshukuru, naweza sasa kusimulia.

Niliondoka kijijini kwetu Mwala mwezi wa Juni, baada ya kuanguka njiani nikitoka mtoni na mtungi wa maji mgongoni. Goti langu la kulia halikurudi kuwa goti. Binti yangu, ambaye hushona nguo katika kiwanda kimoja hapa Athi River, kwenye eneo la viwanda la EPZ, alikuja Jumamosi moja akasema, "Mwaitu, safari hii sikuombi." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na sauti aliyoitumia ni ile niliyokuwa nikiitumia kwake alipokuwa darasa la tatu. Nikafunga nguo zangu.

Shamba nilimwachia mdogo wangu. Sisi ni ndugu wa tumbo moja, tukaolewa na wanaume wawili ambao nao walikuwa ndugu wa tumbo moja, na sasa sote ni wajane. Kwa miaka mingi tumelima ardhi moja, tumekula chungu kimoja, tumegombana juu ya kuku walewale.

Binti yangu anakaa ghorofa ya nne. Siku niliyofika nilisimama kwenye roshani nikatazama mabati, matangi meusi ya maji, kamba za nguo, na kule mbele viwanda vya saruji vikitoa vumbi jeupe lililotua juu ya kila kitu. Nitakiri nililowaza siku hiyo, ingawa nimefundisha watu mafundisho ya ubatizo kwa zaidi ya miaka thelathini na nilipaswa kuwa na akili zaidi. Niliwaza kwamba kazi ya mikono ya Mungu nimeiacha Mwala, na hapa nimeletwa kuona kazi ya mikono ya watu tu.

Binti yangu hutoka alfajiri kwenda kazini. Akishatoka, mimi huweka kiti roshani na kusali rozari yangu. Kule nyumbani nilisali nikitembea, nikifungulia mbuzi, nikichochea moto. Hapa sikuwa na mbuzi wala moto. Nilikuwa na kiti na macho, na mtu mwenye kiti na macho mwishowe hutazama.

Cha kwanza nilichokiona kilikuwa kijani kidogo kwenye bomba la maji machafu linaloshuka ukutani. Mahali pale bomba limeunganishwa na bomba jingine pana unyevu, na katika unyevu huo, bila udongo hata wa kujaza kijiko, palikuwa na mmea mdogo wa aina ya kangaga, ule wa majani yaliyochanika kama unyoya. Mwala ningetafuta kangaga mpaka ndani kabisa ya bonde, kwenye kivuli cha mwamba. Huu ulikuwa ghorofa ya nne, juani, kwenye plastiki. Nilisahau niko Salamu Maria ya ngapi. Nikaanza fungu upya.

Baada ya hapo vilikuja vyenyewe. Korongo wale wakubwa wenye kifuko shingoni, ambao chini kwenye taka hutembea kama wazee wenye hasira, niliwaona wakipanda juu bila kupiga bawa hata mara moja, wakizunguka polepole mpaka wakawa nukta. Asubuhi, vumbi likiwa bado limelala, niliona ng'ambo ya barabara kuu tambarare yenye majani ya rangi ya simba, na katikati yake vitu vidogo vilivyosogea. Nilimuuliza binti yangu kama ni mbuzi. Akasema, "Ni swala, mwaitu. Wako hapo siku zote." Alisema kama mtu anayetaja nguzo za stima.

Nilikaa nikiwaza kwa nini mimi, mtu wa shamba, nashangaa mambo haya uzeeni. Nafikiri ni hivi. Mwala nilitazama mbingu kila siku ya maisha yangu, lakini nilizitazama kama mpishi anavyotazama sufuria: imeiva, au bado? Ndege nilimwona kama ni mwizi wa mtama. Mti niliuona kama ni kuni, au kivuli, au chakula cha mbuzi. Hapa sikuwa na haja na kitu chochote kati ya hivyo, na kwa sababu hiyo vikaanza kunionekania vilivyo.

Mwezi wa Septemba mbayuwayu wawili walianza kujenga kiota chini ya roshani ya jirani wa juu, karibu kabisa na kichwa changu. Walikuja na matope mdomoni, tonge dogo kama punje ya mahindi, wakalibandika, wakaenda, wakarudi. Siku nzima. Nilijaribu kuhesabu matonge, nikashindwa nilipoenda kunywa chai. Ukuta wa kiota ulipanda mstari kwa mstari kama mtu anayefuma kiondo. Nilimtukuza Mungu kwa ajili yao kila asubuhi, na katika kumtukuza huko sikujiuliza hata mara moja matope hayo waliyatoa wapi, nchi ikiwa imekauka hivyo.

Msimamizi wa jumba ni mwanamume wa makamo kutoka upande wa Busia, mcheshi, asiyetembea bila ufagio. Siku moja alipanda na ufagio huo umegeuzwa kichwa chini.

"Shosho, hizi ndege zinaniharibia rangi," alisema. Hapa kila mtu huniita shosho, yaani bibi. "Mwenye nyumba akikuja ataniuliza kama nafuga kuku huku juu."

"Mwambie ni wapangaji."

"Wapangaji hulipa."

"Hawa wanalipa kwa kula mbu. Jana umelala na neti?"

Akafikiri. "Sijalala nayo."

"Basi wameshalipa mwezi huu."

Alicheka, akageuza ufagio. "Haya, mpaka watoto waruke. Lakini hapo chini yao wewe ndio utaosha."

Nikawa naosha.

Wiki ya kwanza ya Oktoba mdogo wangu alipiga simu. Ili neno lake lieleweke, lazima niseme jinsi tunavyopanda kwetu. Mvua ya kutegemewa ni hiyo ya mwisho wa mwaka, na ni fupi. Ukingoja mpaka inyeshe ndipo upande, mahindi yatafika kwenye kuchanua wakati imeshakwisha. Kwa hiyo tunapanda kwenye vumbi, siku chache kabla, ili tone la kwanza likute mbegu inangoja. Ukiwahi mno, mchwa na kwale huila, au kimvua cha kudanganya huiotesha na jua likaiua. Redio husema juu ya Ukambani yote, na twaisikiliza, lakini kilima chetu hakijulikani na redio. Siku lazima mtu aione.

Na katika nyumba yetu mwenye kuiona na kuisema ni mwanamke mkubwa. Mama mkwe wetu alipozeeka aliniita, akachota mbegu kwenye kibuyu, akaziweka kiganjani mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake kwa mikono yake. Tangu hapo hakuna aliyetia mbegu ardhini kabla sijasema.

"Kwenu kumekauka aje, dada?" mdogo wangu aliuliza.

"Huku hakuna shamba, kwa hiyo hakuna wa kulalamika."

"Huku mbuzi wananifuata mpaka chooni. Wengine wameshapanda, wengine wanangoja. Mimi nakungoja wewe. Na mwenye plau ana nafasi Alhamisi peke yake, halafu anavuka mto."

Sote wawili tulijua kilichobaki nyuma ya maneno hayo. Misimu miwili ilikuwa imepita bila mavuno. Mbegu ya nyumba, yale mahindi mafupi na kunde tulizorithi kwa mama mkwe, ilikuwa imebaki kibuyu kimoja, imechanganywa na jivu, imezibwa kwa gunzi. Mbegu ya duka ipo sokoni Tala, na ni nzuri, lakini hii yetu hukomaa kwa mvua ambayo mahindi ya duka yangeiona kama matusi. Ikipotea, hakuna duka la kuitafuta.

Nikamwambia nitatazama.

Jumatatu asubuhi binti yangu aliacha dirisha la jikoni wazi kwa sababu ya moshi wa mafuta. Dirisha hilo lina kioo kisichopitisha macho, na sikuwa nimewahi kuchungulia nje kwalo. Nilichungulia. Nyuma ya jumba, kati ya ukuta wetu na ukuta wa jirani, ulisimama mti wa mukau.

Sijui nieleze vipi kukutana na mukau Athi River. Ni mti wetu wa nchi kavu, wa mbao na wa malisho. Wakati wa kiangazi huvua majani yote ukabaki kama umekufa, kisha, mvua ikiwa imekaribia, hutoa majani mapya na maua meupe kabla tone halijaanguka. Nani huuambia, sijui. Huu ulikuwa umejaa majani laini ya kijani cha jana, na maua yake yalikuwa mengi hata nikayanusa kutoka juu. Nilishika fremu ya dirisha. Niliona kwamba Mungu amenitumia mti wa kwetu mpaka mjini ili nisikose kuwaambia watu wangu siku yao. Nililia kidogo, kusema kweli.

Nikampigia mdogo wangu simu. "Mukau umechanua," nikasema. "Panda Alhamisi. Kibuyu chote."

"Kibuyu chote?"

"Chote."

"Sawa, dada."

Jumanne nzima nilikuwa na furaha ya mtu aliyeitwa kazini tena. Jumatano alasiri nilitaka kuugusa ule mti. Nikashuka ngazi, goti likilalamika kwenye kila kipandio, nikazunguka nyuma ya jumba ambako sikuwa nimewahi kufika. Hatua tatu kabla ya kuufikia, kandambili yangu ilizama.

Nilitazama chini. Palikuwa na matope meusi yanayong'aa, na juu yake povu. Mabomba manne yalishuka ukutani, moja kwa kila safu ya vyumba, na yote yalimwaga pale: maji ya kufulia, maji ya kuoshea vyombo, ya ghorofa zote, kila siku ya mwaka. Mbayuwayu wangu wawili walikuwa wamesimama ukingoni, kila mmoja akikata tonge lake.

Msimamizi alikuja na ufagio wake. "Shosho, utaanguka huko."

"Huu mti umechanua lini?"

"Huu? Huu haujui kupumzika. Krismasi kijani, Pasaka kijani. Nyinyi mnafua, wenyewe unakunywa." Aliniangalia usoni. "Ni nini? Umegonjeka?"

Nilimwomba anishike mkono mpaka kwenye ngazi, nikakaa kwenye kipandio cha kwanza na kutoa simu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Ndipo nikakumbuka kuwa ni Jumatano. Kwetu stima haijafika, na Jumatano mdogo wangu humwachia kinyozi wa sokoni simu aichaji, akaichukua siku ya pili. Nambari ya mwenye plau sikuwa nayo. Nambari ya kinyozi sikuwa nayo. Kesho ingekuwa Alhamisi.

Binti yangu aliporudi nilimweleza. Hakunilaumu. Aliweka chai mbele yangu akasema, "Si ulikuwa unataka kusaidia?" Hilo liliniuma zaidi, kwa kuwa nilijua si kusaidia peke yake. Nilitaka kuwa bado mimi ndiye wa kusema. Niliuona mti mara moja, kwa dirisha, nikatangaza. Mwala ningeutazama mukau huo wiki nzima, nikatazama na wa jirani, na mchwa, na upepo unakotoka. Miezi minne nilikuwa nimejifunza kutazama bila haja, na haja iliporudi sikutazama kabisa.

Alhamisi sikuweza kusali rozari kwa mpangilio. Akilini niliwaona ng'ombe wa plau wakigeuka mwisho wa shamba, na mdogo wangu nyuma yao na kibuyu, akidondosha. Kila nilipotazama kiota nikaona matope ya yale mabomba. Mungu alikuwa ameniandikia jibu juu ya kichwa changu kwa mwezi mzima, na mimi nikamsifu kwa mwandiko.

Simu ilikuja saa kumi jioni.

"Za huko, dada."

"Umepanda?"

"Nimepanda."

Nilikaa kitandani. Kisha nikamweleza yote, mti, mabomba, povu. Sikujificha nyuma ya neno lolote. Upande wa pili nikasikia kitu kama kikohozi, na kikohozi hicho kikawa kicheko.

"Kwa hiyo mti unakunywa maji ya nguo."

"Ndiyo."

"Ya nguo za nani?"

"Za watu wote. Na zangu."

Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema, "Sasa nisikize, na usikasirike. Plau imelima shamba lote. Mbegu nimetia viganja vitatu, hapo karibu na choo. Ulisema nipande, nikapanda. Sikutaka kukukosea heshima."

"Na ingine?"

"Iko kwa kibuyu. Dada, mukau wetu hauna hata jani moja. Mchwa hawajaanza kujenga. Nilijiambia pengine wewe umeona kitu mimi sijaona. Lakini si kitu cha kibuyu kizima."

Nikauliza, "Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

"Na ungesikia?"

Jibu tulikuwa nalo sote wawili.

"Kwale wameshakula kiganja kimoja," akasema, kunipoza. "Wananenepa vizuri."

Nikamwambia akalete kibuyu. Aliuliza cha nini, nikasema alete. Nikamwambia achote mbegu, aziweke kiganjani, afunge vidole. Alielewa, nikasikia pumzi yake ikibadilika.

"Dada, acha. Wewe bado uko."

"Niko, lakini niko Athi River. Mwenye kusema ni yule anayeukanyaga udongo. Mikono yangu haifiki huko, kwa hiyo jifunge vidole mwenyewe, mimi nitaomba."

Niliomba. Niliomba kwa Kikamba, na maneno hayo nayaacha baina yetu na Mungu. Mwishoni alisema amina kwa sauti ndogo, kama msichana aliyeletwa ubatizoni. Kisha akauliza, "Sasa naweza kufungua mkono? Jivu linaniwasha."

Sikumuuliza tena siku. Hilo lilikuwa gumu kuliko nilivyofikiri. Kila alipopiga simu tulizungumza juu ya mbuzi na goti, na mimi nikauuma ulimi.

Mvua ilikuja baada ya zaidi ya wiki mbili, Jumanne alasiri. Kwanza mbayuwayu walishuka chini wakapita karibu na ardhi. Tambarare ya swala ikawa nyeusi kutoka upande mmoja, kama mtu anavyovuta shuka. Harufu ilifika kabla ya maji, na hapo nilishangaa sana, maana ilikuwa ileile. Lami, saruji, mabati, taka, na bado mvua ilitoa katika hivyo harufu ya shamba langu. Wanawake walikimbilia kamba za nguo. Tone likaanguka, kisha mengi, kisha yote.

Nilivuta kiti mlangoni. Nina miaka zaidi ya sabini, na siku hiyo kwa mara ya kwanza niliitazama mvua bila kuiuliza itatosha nini. Niliona kwamba haianguki moja kwa moja bali hutembea, kwa mapazia, na baina ya mapazia kuna nuru. Niliona ukuta wa kijivu wa jumba la mbele ukigeuka rangi ya njiwa. Nilikuwa nimeishi na jambo hili maisha yote, na sikuwa nimelikazia macho.

Simu ililia. "Nilipanda Jumamosi," mdogo wangu alipiga kelele. "Sikukuuliza."

"Hukupaswa kuniuliza."

Alisema kitu kingine, sikusikia. Mvua ilikuwa juu ya mabati yake na juu ya mabati ya jirani zangu, na hatukusikizana tena. Hakuna aliyekata simu.

Iliponyamaza kidogo, kumbikumbi walitoka. Walitoka kwenye nyufa za sakafu ya uwanja wa chini, hapo ambapo ningeapa hakuna kitu kilicho hai, wakapanda hewani kwa maelfu, mabawa yao yakishika jua lililobaki. Msimamizi alikuwa katikati yao na beseni, ameinama, mwenye furaha kamili.

"Shosho!" aliniita kutoka chini. "Kwenu mnakula hizi?"

"Watoto hula."

"Kwetu hata padri anakula." Akatazama juu, mbayuwayu wakikata hewa juu ya kichwa chake. "Lakini ona wapangaji wako. Wanakula chakula yangu."

Asubuhi iliyofuata nilitoka na rozari yangu, nikasimama kabla ya kukaa. Vumbi lilikuwa limeoshwa kutoka angani. Mbali, kusini, mbali kuliko viwanda na tambarare, palisimama mlima mkubwa wenye kichwa cheupe, Kilimanjaro yenyewe, bila shina, kana kwamba umetundikwa. Nilimuuliza msimamizi tangu lini. Akasema, "Uko hapo kila siku. Ni vumbi tu." Baada ya saa moja ukafichika tena, na mimi nikaenda kuosha chini ya kiota.

Mdogo wangu anasema mahindi yamefika magotini. Hata pale karibu na choo, kwenye kile kiganja ambacho kwale hawakukifikia, pameota mashina tisa, na anayaita ya dada.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe muda wa kukaa kwenye kiti chako na kutazama. Ukikosea, akupe mtu wa nyumbani mwenye busara ya kupanda viganja vitatu. Na mvua yako, popote ulipo, ikukute umeshatia mbegu. Amina.